Fagia, fagilia, fagiwa: Maneno ya ufagio yana siri

NI kifaa gani kilichomo katika kila nyumba, iwe jumba la Muthaiga au nyumba ya udongo kule Kathonzweni, lakini mgeni akibisha hodi hufichwa haraka nyuma ya mlango? Usijisumbue, msomaji. Ni ufagio.

Kwa wengi wetu ufagio ni kitu duni. Hununuliwa kwa sarafu chache, hutumiwa mpaka ukabaki kisiki, kisha hutupwa jaani pamoja na taka zile zile uliozifagia. Hakuna anayeukumbuka ila unapopotea.

Hata hivyo, maneno yaliyozaliwa na kifaa hiki yametembea mbali. Yamefika Ikulu, yameingia katika viwanja vya kandanda, na hata katika nyimbo za vijana. Mengine husifu, mengine hutukana, na mengine hutisha. Jinsi tunavyoyatumia mbele ya watoto wetu huonyesha wazi tunavyowathamini, au kuwadharau, watu wanaotusafishia mazingira. Ndiyo sababu yafaa tuyachunguze.

KULE KATHONZWENI

Tuanzie Kathonzweni, katika kaunti ya Makueni, kusini mashariki mwa mji wa Wote, katika njia ya kuelekea Makindu. Hii ni nchi kavu. Mvua hutarajiwa mara mbili kwa mwaka, kati ya Machi na Mei na kati ya Oktoba na Desemba, na mara nyingi haitimizi ahadi. Vumbi ni jirani wa kudumu.

Katika boma la Ukambani, sauti inayofuata ya jogoo alfajiri ni ya ufagio ukikwaruza ardhi. Uwanja hufagiwa wote, kuanzia mlangoni hadi kwenye zizi, mpaka udongo mwekundu ukabaki na mistari kama kichwa kilichochanwa kwa kitana. Mtu wa jijini anaweza kujiuliza: kuna faida gani kufagia udongo?

Faida ziko. Uwanja ulio wazi haumfichi nyoka wala nge. Nyayo za aliyepita usiku, awe mtu au fisi, husomeka asubuhi. Mgeni naye huanza kuijua nyumba kwa kutazama chini kabla hajakaribishwa kiti. Wahenga walisema nyumba njema si mlango, lakini hapana shaka mgeni hutupia jicho uwanja kwanza.

Kuna pia suala la afya. Funza, kile kidudu kinachojichimbia katika vidole vya miguu, hupenda sakafu ya vumbi lisiloguswa. Wataalamu hueleza kwamba funza si mwenyeji wa bara hili. Aliletwa Angola kwa meli kutoka Brazil mwaka wa 1872, akasafiri na misafara hadi akafika pwani ya Afrika Mashariki mwishoni mwa karne hiyo ya 19. Tangu hapo, mama aliyenyunyiza maji sakafuni, akafagia, kisha akaisiriba kwa samadi ya ng'ombe, amekuwa akipigana vita ambavyo wengi hudhani ni mazoea tu.

Maji yenyewe huku si ya kuchezewa. Hutolewa katika mchanga wa mito iliyokauka au katika mabwawa ya mchanga ambayo Ukambani imejulikana nayo, na hubebwa na punda au mgongoni. Kwa hivyo maji ya kunyunyiza sakafu mara nyingi ni yale yaliyokwisha kuosha vyombo. Hakuna tone linalopotea.

Ufagio nao si lazima ununuliwe. Vijiti vyembamba vya vichaka hukatwa, hukaushwa kidogo, hupangwa sawasawa na kufungwa kwa kamba ya katani. Ule wa nyumbani huwa laini na mfupi. Wa uwanjani huwa na vijiti vigumu, na baadhi ya watu huutia mpini ili kuukinga mgongo. Penye minazi ya porini na mikindu, majani yake pia hutumika. Mji wa Makindu wenyewe ulipata jina kutokana na miti hiyo ya mikindu, ambayo majani yake hufuma mikeka na vikapu na kufunga fagio.

NDUGU WALIOPOTEANA

Mkamba hasemi kufagia, husema kuvyaia. Kwa sikio la haraka, hayo ni maneno mawili yasiyojuana. Lakini wewe mwanafunzi hebu chukua kalamu.

Mahali penye sauti ya "p" katika Kiswahili, Kikamba mara nyingi huwa na "v". Kupanda mbegu ni kuvanda. Kupita ni kuvita. Tena penye "g", Kikamba mara nyingi huidondosha, hivi kwamba mgeni huitwa mueni.

Sasa kumbuka kwamba Kiswahili kina umbo la zamani la neno hili, yaani kufyagia. Wataalamu wa lugha za Kibantu, kwa kulinganisha lugha nyingi, wamekadiria kwamba babu wa maneno haya yote alikuwa na shina "piag", lenye maana hiyo hiyo ya kuondoa taka. Geuza "p" iwe "v" na uidondoshe "g", utaelekea kuvyaia. Upande wa Kiswahili, "p" hiyo ikageuka "f", ndipo tukapata kufyagia, na baadaye kufagia.

Kwa hivyo mtoto wa Kathonzweni anayefundishwa shuleni neno kufagia hapewi neno geni. Anakutanishwa na ndugu wa neno alilolisikia kwa mamaye. Kwa upande mwingine, Mkikuyu husema kuhaata na Mjaluo husema yweyo. Hao wana nasaba zao.

Kamusi kongwe za Kiswahili zina hazina nyingine. Zinataja kitenzi kupea, chenye maana ya kufagia, na ufagio wake uliitwa upeo. Leo tukisikia upeo tunafikiria mwisho wa macho au kilele cha jambo. Upeo huo ni neno jingine linalofanana nalo kwa sauti tu. Ule wa kufagia umefifia hata wazee wengi hawaukumbuki.

CHELEWA ZA PWANI

Ukipanda gari la moshi kutoka upande wa Makindu ukateremka hadi Mombasa, vichaka hubaki nyuma na minazi huchukua nafasi yake. Huku ufagio una jina la ukoo: ufagio wa chelewa.

Uchelewa ni ule uti mwembamba ulio katikati ya jani la mnazi. Wafanyao kazi hii huchukua makuti, wakachana jani pande zote mbili kwa kisu, wakabaki na uti peke yake. Chelewa nyingi hukaushwa, hukusanywa pamoja na kufungwa kwa nguvu upande wa kichwani. Uti mmoja huvunjika kwa vidole viwili. Ukizifunga mia moja pamoja, hata mtu mwenye misuli atahema bure. Wazee hawakuhitaji mfano mwingine wa kuwafundisha wajukuu maana ya umoja.

Chelewa hizo hizo hutumika pia kutengenezea mitego ya samaki. Kwa hiyo katika Kiswahili cha Pwani, kusafisha nyumba na kutafuta kitoweo ni kazi zinazotoka katika mti mmoja.

UFAGIO, FAGIO AU MAFAGIO?

Hapa ndipo wanafunzi wengi hujikwaa. Tukisema ufagio mmoja, wingi wake ni fagio: ufagio umekatika, fagio zimekatika. Herufi "u" imedondoka tu, kama inavyodondoka katika ufunguo na funguo, au ukuta na kuta.

Lakini tukitaka kuonyesha ukubwa, huwa ni fagio moja na mafagio mengi: fagio limekatika, mafagio yamekatika. Tukitaka kuonyesha udogo, tuna kifagio na vifagio. Anayefanya kazi hiyo ni mfagiaji, na wengine humwita mfagizi. Kazi yenyewe ni ufagiaji.

Ufagio haukai peke yake pia. Kuna kizoleo, kile kibati cha kuzolea taka, ambacho watoto wengi wa jijini hukijua kwa jina la Kiingereza tu. Kuna jaa, au jalala, panapotupwa taka. Kuna kukung'uta mkeka, kupangusa meza, kusugua sufuria na kupiga deki. Hili la mwisho lilitoka melini, ambako mabaharia walikuwa na kazi ya kuosha deki, yaani sakafu ya juu ya chombo. Bahari ikaishia sebuleni kwetu.

Jambo la kupendeza ni kwamba waandishi wa habari na watangazaji wa michezo wameyachukua maneno haya ya jikoni na uwanjani wakayapeleka mjini. Mgombea anayeshinda huzoa kura, kana kwamba alikwenda kituoni na kizoleo. Timu inayotwaa kila kombe imefagia mataji. Mchezaji asiyepangwa kikosini anasugua benchi. Hotuba iliyosahihishwa imepigwa msasa. Ukiondoa maneno ya usafi, kurasa za michezo zingepungua nusu!

KUMFAGILIA MTU

Mkenya anayefika Dar es Salaam kwa mara ya kwanza anaweza kuchanganyikiwa akiambiwa, "Nakufagilia sana." Atajitazama viatu, akidhani ana vumbi. Kumbe anasifiwa.

Katika Kiswahili cha mitaani cha Tanzania, kumfagilia mtu ni kumpenda kwa kazi yake, kumsifu na kumuunga mkono. Mwanamuziki Mr. Nice aliutoa wimbo uitwao Fagilia mwanzoni mwa miaka ya 2000, na neno hilo likavuka mpaka hadi kwetu.

Sarufi yake ni nyepesi. Kama vile kununua huzaa kununulia, na kutia huzaa kutilia, ndivyo kufagia kunavyozaa kufagilia, yaani kufagia kwa ajili ya mtu. Hebu fikiri: tunamfagilia nani? Ni yule tunayemngoja kwa heshima. Mgeni wa maana anapotarajiwa, njia husafishwa asije akakanyaga uchafu. Kwa hiyo aliyebuni msemo huu, awe nani, alijua vyema kwamba kumfagilia mtu njia ni kumpa hadhi.

Tulikumbuke jambo hili, maana tutalirudia.

FAGIO LA CHUMA

Lugha ya siasa nayo haikuuacha ufagio upumzike. Ali Hassan Mwinyi alipochukua urais wa Tanzania kutoka kwa Mwalimu Julius Nyerere mnamo Novemba 1985, alitangaza kwamba angepitisha fagio la chuma dhidi ya wazembe na wala rushwa serikalini. Ona kwamba ni fagio la chuma, wala si ufagio wa chuma. Ni lile umbo la ukubwa tulilolitaja. Mzee Mwinyi aliaga dunia Februari 2024, lakini msemo wake ungali hai. Afisa yeyote mpya akifukuza watu kazini, magazeti husema amepitisha fagio la chuma.

Miaka 30 baadaye, Rais mwingine wa Tanzania aliuchukua ufagio wenyewe mkononi. John Magufuli, aliyekuwa ameapishwa mwezi mmoja tu uliotangulia, alifuta sherehe za Uhuru za Desemba 9, 2015, akaagiza wananchi waitumie siku hiyo kufanya usafi. Yeye mwenyewe alionekana akifagia na kuokota taka karibu na Ikulu na soko la samaki la Feri, jijini Dar es Salaam. Fedha za sherehe, shilingi bilioni 4 za huko, zikaelekezwa katika upanuzi wa barabara ya Morocco hadi Mwenge.

Si Afrika Mashariki peke yake. Nchini Burkina Faso, wanamuziki Smockey na Sams'K Le Jah walianzisha mwaka wa 2013 vuguvugu lililoitwa Le Balai Citoyen, maana yake Ufagio wa Raia. Mnamo Oktoba 2014, vijana waliobeba fagio walikuwa miongoni mwa umati uliomwondoa Rais Blaise Compaoré baada ya miaka 27 madarakani. Kule India, chama cha Aam Aadmi kilichagua ufagio kuwa alama yake ya uchaguzi, na Februari 2015 kikanyakua viti 67 kati ya 70 katika bunge la Delhi. Katika nchi ambako kufagia kuliachiwa watu wa tabaka la chini kabisa, alama hiyo ilikuwa na uzito wa pekee.

Nao ule msemo kwamba ufagio mpya hufagia vizuri, ambao wakubwa wa ofisi huupenda sana? Tumeuazima kwa Waingereza. Mama wa nyumbani angewasahihisha: ufagio mpya humwaga vijiti, na ni ule uliozoea sakafu unaojua kona zote.

BINADAMU ANAPOFAGIWA

Kuna upande mwingine wa neno hili usiochekesha. Kufagia ni pia kumaliza kabisa. Nabii Isaya, katika sura ya 14, anaueleza mwisho wa Babeli kwa mfano wa mji unaofagiwa kwa ufagio wa maangamizi.

Makueni inaijua maana hiyo. Katika miaka ya 1940, serikali ya kikoloni iliamua kuwahamishia huko wakulima kutoka sehemu za Machakos zilizojaa watu. Nchi hiyo ilikuwa na vichaka, mbung'o na vifaru. Vichaka vikafyekwa. Vifaru navyo? Kati ya mwaka wa 1944 na 1946, mwindaji wa serikali J. A. Hunter aliua vifaru takriban 1,000 katika eneo la Makueni. Watu wakapata mashamba, na wanyama wale wakafagiliwa mbali. Leo mtoto wa Kathonzweni humwona kifaru katika picha.

Ikiwa ni jambo la kusikitisha mnyama kufagiwa, sembuse binadamu. Mnamo Mei 1990, mtaa wa mabanda wa Muoroto ulibomolewa jijini Nairobi, karibu na kile kituo cha mabasi cha Machakos ambako wasafiri wengi wa Ukambani hushukia. Sababu inayotolewa kila mara katika operesheni kama hizo ni kusafisha jiji. Huko Zimbabwe, operesheni ya namna hiyo iliyoanza Mei 2005 ilipewa jina Murambatsvina, neno la Kishona lenye maana ya mtu anayekataa uchafu. Mtanzania Anna Tibaijuka, aliyekuwa mkuu wa shirika la makazi la Umoja wa Mataifa lenye makao yake Nairobi, alitumwa kuchunguza. Ripoti yake ya Julai 2005 ilikadiria kwamba watu 700,000 walipoteza makazi, riziki au vyote viwili.

Hapo ndipo neno linapogeuka silaha. Kwa kawaida tunafagia taka. Ukisema unawafagia wachuuzi, umekwisha kuwaita taka kabla hujawagusa. Basi kila tunaposoma kwamba fulani na fulani watafagiwa mitaani, tujiulize ni nani aliyeshika mpini, na ni nani aliyegeuzwa vumbi.

MWIKO WA USIKU

Wengi wetu tumelelewa tukikatazwa kufagia usiku, eti tunafukuza baraka na riziki. Wengine wakakatazwa kufagia punde tu mgeni anapoondoka, asije akafikiri anafukuzwa yeye.

Mwiko wa pili ni adabu tupu. Wa kwanza nao una hekima yake. Nyakati za koroboi, mwanga haukufika pembeni. Sarafu, sindano au kipuli kilichodondoka kingeweza kuzolewa pamoja na taka na kutupwa jaani. Hiyo ndiyo riziki iliyokuwa ikifukuzwa! Yule mwanamke wa Injili ya Luka, sura ya 15, aliyepoteza sarafu moja kati ya kumi, aliwasha taa kwanza ndipo akaifagia nyumba. Siku hizi penye umeme mwiko umelegea, lakini somo lake lingalipo: tazama vyema kabla hujatupa.

"USIPOSOMA UTAKUWA MFAGIAJI"

Sasa turudi kwa lile neno kufagilia. Lugha yetu inasema kwamba anayekufagilia njia anakuheshimu. Mbona basi sisi hatumheshimu yeye?

Ni wazazi wangapi jijini wanaomwonyesha mtoto mwanamke mwenye aproni anayefagia kando ya barabara asubuhi, kisha wakamwambia, "Usiposoma, mwisho wako ni ule"? Mama yule anasikia. Mtoto naye anasikia, na anajifunza mambo mawili kwa mpigo: kwamba kazi ile ni adhabu, na kwamba anayeifanya ameshindwa na maisha. Pengine mama yule analipia karo ya watoto watatu kwa ufagio huo huo.

Jirani zetu wa Uganda wana neno linalofundisha. Ufagio kwa Kiganda ni kyeyo, na raia wao waliokwenda Ulaya na Marekani kufanya vibarua huitwa nkuba kyeyo, yaani wapiga ufagio. Neno lilianza likiwa na kejeli ndani yake: msomi mzima, na shahada yake, anafagia hospitali ng'ambo! Lakini fedha wanazotuma Waganda walio nje zimepita dola bilioni 1 kwa mwaka. Zimejenga nyumba na kusomesha wadogo zao. Leo katika familia nyingi za Kampala, kuwa na ndugu wa kyeyo si aibu hata kidogo.

Kenya nayo ilipata somo lake. Janga la korona lilipoingia mwaka wa 2020, serikali ilianzisha mpango wa Kazi Mtaani. Vijana wa mitaa ya mabanda walipewa fagio, sururu na toroli wakasafisha vichochoro na kuzibua mitaro. Awamu ya pili iliwaajiri zaidi ya vijana 270,000, kwa malipo ya Sh455 kwa siku. Miongoni mwao walikuwamo waliohitimu vyuo. Mitaa iliyokuwa haipitiki ikapitika. Mpango huo ulimalizika, lakini uliwaonyesha wengi kwamba kazi mbaya si mchezo mwema, kama wahenga walivyosema.

Dini nazo zimelisemea hili. Waislamu wanayo hadithi mashuhuri, iliyopokewa na Bukhari na Muslim, ya mwanamke aliyekuwa akiufagia msikiti wa Mtume. Alipofariki, watu waliona si jambo kubwa, wakamzika bila kutoa habari. Mtume alipokosa kumwona akamuulizia, akawalaumu kwa kutomwarifu, akaomba aonyeshwe kaburi na akamswalia. Mfagiaji hakuwa mtu mdogo kwake.

Ni kweli kwamba kila mzazi anataka mtoto wake apande zaidi yake. Hakuna ubaya. Ubaya ni kumpandisha mtoto kwa kumkanyagia jirani.

Shule nyingi za mashambani, Makueni ikiwamo, zinaweza kutufunza jambo. Wanafunzi huko huja na ufagio na kibuyu au mtungi wa maji, wakanyunyiza sakafu ya darasa na kuifagia kabla ya kengele. Zamu ya mvulana hufika kama ya msichana, na mtoto wa mwalimu mkuu hukaa katika orodha pamoja na mtoto wa kibarua. Ni pale tu mwalimu anapoifanya kazi hiyo kuwa adhabu ya waliochelewa ndipo ufagio hugeuka fimbo, na watoto wakajifunza kuuchukia.

Nyumbani mwetu jijini mara nyingi ni kinyume. Ufagio ni wa yaya au wa binti. Kijana wa kiume wa miaka kumi na minne huinua miguu juu ya kochi ili dada yake afagie chini yake, macho yangali katika runinga. Kijana huyo akija kuwa mkubwa wa ofisi, mfagiaji atakayeingia chumbani mwake asubuhi atamwona kama upepo uliopita.

Leo ni Jumapili, familia iko pamoja. Jaribuni mchezo mdogo. Muulizeni kila mmoja wingi wa ufagio, na maana ya kizoleo, jaa na chelewa. Aulizwe pia neno la kufagia katika lugha ya nyanya yake. Atakayeshindwa afagie sebule. Atakayeshinda azoe taka, ili asijione mkubwa.

Na kesho asubuhi mkielekea shuleni na kazini, mkimpita yule mama mwenye aproni kando ya barabara, msimfanye mfano wa kutishia watoto. Mwambieni shikamoo, au habari ya asubuhi. Amekwisha kuwafagilia njia.